SOMO LA USHIRIKA: GARI LA CHAMA LILILOCHAKAA, LITENGENEZWE AU LIUZWE?

Miongoni mwa mambo yanayovipotezea vyama vya msingi fedha nyingi pasipo kelele, gari lililozeeka lina nafasi yake. Mavuno yakiharibika kila mwanachama huona. Fedha zikipotea sandukuni mkaguzi hufika. Gari bovu hula kwa utaratibu mwingine: leo bushi, kesho nozeli, wiki ijayo tairi mbili, na kila hati ya malipo ikitazamwa peke yake huonekana ndogo na ya lazima. Halmashauri hutia sahihi. Mwaka ukiisha, jumla ya hati zile huzidi malipo ya ziada ambayo wanachama wangegawana, na hakuna hata mjumbe mmoja anayekumbuka kwamba uliwahi kufanyika uamuzi wa kutumia fedha nyingi kiasi hicho. Na kweli haukufanyika.

Ili jambo hili lieleweke, somo hili litatumia mfano wa chama cha kubuni kilichoko Lupingu, wilayani Ludewa. Chama chenyewe hakipo na hesabu zake ni za kufundishia tu, lakini mahali penyewe papo, na pamechaguliwa kwa sababu. Lupingu iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya kijiji milima hupanda hadi kupita mita 2,000. Mzigo unaotoka Lupingu ni dagaa wakavu, mihogo, mchele, na vyungu vya Wakisi ambavyo sifa yake imeenea pande zote za ziwa. Mzigo unaoteremka ni mbolea, saruji, mabati, sukari na chumvi. Njia za kutokea ni mbili. Ya kwanza ni ziwa, kwa meli zifanyazo safari kati ya Kyela na Mbamba Bay. Ya pili ni barabara ipandayo mlima hadi Ludewa, kisha Njombe, hadi Makambako ambako barabara kuu ya kwenda Zambia hukutana na reli ya TAZARA. Gari linalofanya kazi katika njia ya namna hii huchoka mapema kuliko gari la tambarare, na likichoka huhatarisha watu.

Mazoea yalikotoka

Katika viwanja vya vyama vingi yapo magari yaliyowekwa juu ya mawe. Majani yameota ndani ya injini, na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mgeni huweza kudhani ni uzembe mtupu. Sivyo, au tuseme si hivyo tu; mazoea haya yana historia.

Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini Tanzania vilivunjwa, na kazi ya kununua na kusafirisha mazao ikapewa mamlaka za mazao. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilihitaji malori, na mengi ya raia na ya mashirika yakachukuliwa kwa kazi hiyo. Wakati huo huo bei ya mafuta ilipanda duniani. Sheria ya 1982 iliporudisha vyama vikuu, vilianza upya katika nchi iliyokuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Mikoa minne ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ilitegemewa kulisha nchi kwa mahindi yake (Njombe na Ludewa zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012), lakini mahindi yalikaa maghalani kwa kukosa lori, na lori lilikaa karakana kwa kukosa ringi za pistoni. Tena magari yalikuwa ya aina nyingi mno, kwa kuwa kila nchi iliyotoa msaada ilileta aina yake, na kipuri cha aina moja hakikufaa kwa nyingine.

Katika hali hiyo gari lililokufa lilikuwa ghala la vipuri. Aliyeliuza alikuwa mpumbavu, na aliyelihifadhi akafungua difu yake kuliokoa gari jingine alikuwa na akili. Kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, hali ilianza kubadilika. Leo vipuri vya magari ya Kijapani hupatikana Njombe na Makambako. Sababu iliondoka, mazoea yakabaki.

Si umri bali ubovu wenyewe

Swali la kwanza linaloulizwa mkutanoni huwa ni, "Gari lina miaka mingapi?" Swali hilo halisaidii sana. Lori la miaka 25 lenye fremu nzima huweza kuwa mali nzuri, na lori la miaka 10 lililobebeshwa tani 5 badala ya 3 huweza kuwa jeneza. Linalopasa kuulizwa ni ubovu uko wapi, na je, ukitengenezwa utakuwa umetengenezeka?

Baadhi ya ubovu unatengenezeka kabisa. Injini inayokula oili na kutoa moshi wa buluu kwa kawaida imechakaa ringi na silinda, au sili za valvu. Fundi huifungua, hupima, huchonga silinda na kuweka pistoni na ringi za saizi iliyozidi, naye krankshafti huichonga kwa vipimo vinavyojulikana, robo milimita baada ya robo milimita, na kuweka beringi zake. Kazi hiyo ikifanywa vizuri injini hurudishiwa maisha. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa klachi, pampu ya dizeli, nozeli, rejeta na springi. Ni vitu vinavyotoka na kurudi.

Ubovu wa aina nyingine hufichwa tu. Fremu yenye ufa ni mfano mkubwa. Ufa hauji kwa bahati mbaya. Huja kwa sababu chuma kimepindishwa mara nyingi kupita uwezo wake. Ukichomelewa mahali pamoja, moto wa kuchomelea huweza kudhoofisha chuma kilicho jirani, na baada ya miezi michache ufa hutokea sentimeta kadhaa kutoka pale pa zamani. Kuna mafundi wanaojua kuimarisha fremu kwa bamba la pembeni lililofungwa ipasavyo, lakini fremu yenye nyufa tatu imekwisha kutoa jibu lake. Mabodi yaliyooza mpaka kwenye vishikizo na nyaya za umeme zilizounganishwa kwa miaka 15 na kila aliyepita nazo ni za jamii hiyo hiyo.

Kisha kuna breki na usukani, ambavyo havimo katika hesabu ya faida na hasara hata kidogo. Lori lenye uzito wa tani 6 pamoja na mzigo, likiteremka mita 800, hutoa nishati ambayo ikigeuzwa yote kuwa joto ingeweza kuchemsha maji ya baridi yapatayo lita 140. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva mwenye busara hushuka kwa gia ndogo, ili injini na upepo vichukue sehemu kubwa. Asiyejua hushuka kwa kukanyaga breki, na joto lote huingia kwenye ngoma na viatu vya breki. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yaliyokwisha kunyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka huwa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama mpaka chini bila gari kusimama. Jambo hilo hutokea katikati ya mteremko wala halitokei karakana, na ndiyo maana gari hujaribiwa uwanjani likaonekana zima.

Kwa hiyo gari ambalo breki zake hazitengenezeki, au chama hakina fedha za kuzitengeneza, halipandi wala halishuki tena. Halmashauri haihitaji kupiga hesabu. Kazi iliyobaki ni kulitafutia mnunuzi wa vipuri.

Hesabu ya mfano

Chama cha mfano kina lori la tani 3 na nusu. Fundi ameandika kuwa injini inahitaji kufunguliwa, breki zote zifanywe upya, fremu iimarishwe mahali pawili na usukani ubadilishwe bushi na viungo. Gharama ni shilingi 7,400,000. Baada ya hapo fundi anatumaini gari litafanya kazi miaka 2. Mnunuzi wa Makambako yuko tayari kulichukua lilivyo kwa shilingi 5,000,000.

Mwaka uliopita chama kililipa shilingi 4,600,000 kwa giaboksi. Wajumbe wengi husema, "Tumekwisha kutia fedha nyingi humo, hatuwezi kuliacha sasa." Maneno haya yamewafilisi watu wengi, kuanzia wenye maduka hadi serikali. Fedha ya giaboksi imetoka. Haitarudi gari likitengenezwa, na haitarudi gari likiuzwa. Isiingizwe katika hesabu. Hali kadhalika thamani iliyoandikwa vitabuni. Kama vitabu vinasema gari ni shilingi 9,000,000 na soko linasema 5,000,000, vitabu ndivyo vilivyochelewa.

Inayoingia ni fedha ya kuanzia leo. Chama kikilibakiza gari kinaacha shilingi 5,000,000 za mnunuzi na kutoa 7,400,000 za fundi, jumla 12,400,000. Baada ya miaka 2 gari litauzwa kama vipuri kwa shilingi 3,000,000. Kwa hiyo miaka 2 inagharimu 9,400,000, yaani 4,700,000 kwa mwaka. Daftari la matengenezo linaonyesha kuwa ubovu wa njiani hula kiasi cha shilingi 45,000 kwa safari, na mafuta, oili na dereva ni 140,000.

Njia ya pili ni kununua lori jingine lililotumika, kwa shilingi 38,000,000, likakaa miaka 8 na kuuzwa kwa 10,000,000. Uchakavu wake ni 3,500,000 kwa mwaka. Riba ya mkopo pamoja na nyongeza ya bima ni wastani wa 3,000,000 kwa mwaka. Matengenezo ni 17,500 kwa safari, na mafuta, oili na dereva ni 125,000, kwa sababu injini nzima hainywi sana.

Njia ya tatu husahauliwa kila mara, nayo ni kutokuwa na gari. Wenye malori hukodishwa kwa shilingi 230,000 kwa safari.

Sasa kila kitu kinategemea idadi ya safari. Chama kikienda safari 80 kwa mwaka, gari la zamani likitengenezwa litagharimu shilingi 243,750 kwa kila safari, lori jingine 223,750, na la kukodi 230,000. Tofauti ni ndogo, na mtu aweza kubishana. Safari zikiwa 40 tu, gari la zamani ni 302,500, lori jingine 305,000, na la kukodi linabaki 230,000. Hapo chama hakina haja ya kumiliki gari lolote. Safari zikifika 120, gari la zamani ni kiasi cha 224,000 na lori jingine kiasi cha 197,000, na mkopo unaanza kujilipa.

Katika hesabu hii kulitengeneza gari la zamani hakukuwa njia iliyo nafuu kuliko zote hata mara moja. Lakini ibadilishwe hali moja tu. Fremu iwe nzima, usukani mzuri, na kazi iwe ya injini na breki pekee kwa shilingi 3,000,000, gari liishi miaka 3, ubovu wa njiani uwe 25,000 kwa safari na mafuta na dereva 130,000. Mnunuzi bado anatoa 5,000,000 leo na vipuri vitauzwa 3,000,000 mwishoni. Kwa safari 80 kila safari itagharimu kiasi cha shilingi 176,000, na gari lile lile la zamani limezishinda njia zote mbili. Ni umri ule ule na rangi ile ile iliyobabuka. Kilichotofautiana ni mahali palipo na ubovu.

Zipo gharama ambazo daftari halizioni. Lori likikwama mlimani siku mbili na vyungu, vyungu havidhuriki. Likikwama na dagaa ambao hawakukauka vyema, mvua ikanyesha, mali ya wanachama imeoza, na bei ya mnada uliokosekana hairudi. Chama kihesabu angalau mara ngapi jambo hilo lilitokea mwaka uliopita. Kwa upande mwingine gari la kukodi lina ugonjwa wake: katika msimu wa mavuno, au masika yanapoharibu njia ya mlimani, mwenye lori hupandisha bei au hakatai wala haji. Baadhi ya mizigo isiyo na haraka inaweza kungoja meli. MV Mbeya II ilianza kazi katika Ziwa Nyasa mwaka 2021, na mfuko wa saruji haujali kama umefika Jumanne au Ijumaa.

Nani ashauri, nani aamue

Fundi atakayelipwa kwa kutengeneza asiwe ndiye peke yake anayeshauri litengenezwe. Si kwamba mafundi ni waongo. Mshonaji naye akiulizwa kama suruali inafaa kuzibwa, atatafuta uzi. Chama kimlipe fundi wa pili, asiyepewa kazi hiyo, alipime gari: mgandamizo wa kila silinda, fremu ikiwa imeoshwa na kusuguliwa ili nyufa zionekane, ngoma za breki zikiwa zimefunguliwa. Dereva naye asikilizwe kwa makini, kwa kuwa anajua mambo ambayo kipimo hakiyajui, ila ikumbukwe kwamba gari likiuzwa huenda akakosa kazi. Ni vema halmashauri imweleze mapema hali yake itakavyokuwa, naye atasema kweli kwa urahisi zaidi.

Hoja nyingine ni ya heshima. Gari lenye jina la chama mlangoni limebeba wagonjwa usiku na maharusi mchana, na wazee waliochanga kulinunua bado wapo. Jambo hili lisidharauliwe mkutanoni, wala lisifichwe nyuma ya hesabu za uongo. Kama wanachama wanataka kubaki na gari ili kijiji kisikose chombo usiku, wana haki hiyo, lakini waambiwe kwa shilingi linagharimu kiasi gani kwa mwaka na fedha hiyo itatoka katika fungu gani.

Uamuzi wa kuuza mali kubwa ya chama au kukopa ni wa Mkutano Mkuu, kwa kufuata masharti ya chama na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Mkopo hauna budi kuwa ndani ya ukomo wa madeni uliokwisha kuidhinishwa. Wajumbe wapelekewe karatasi moja yenye namba za njia zote tatu, siku kadhaa kabla ya mkutano. Namba zikisomwa kwa mara ya kwanza palepale, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Likiuzwa

Kuuza gari zima kwa mtu mmoja ni rahisi na huacha karatasi safi. Kuuza vipande vipande huweza kuleta fedha zaidi, kwa kuwa giaboksi nzima, difu, tairi na betri kila kimoja kina mnunuzi wake na mabaki huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Lakini kila kipande kinachotoka kiandikwe na kipewe stakabadhi, vinginevyo gari litayeyuka. Oili ya zamani na tindikali ya betri visimwagwe ardhini. Lupingu maji ya kunywa na dagaa hutoka ziwa moja.

Jina la chama liondolewe kwenye kadi ya gari, na mauziano yafikishwe Mamlaka ya Mapato. Vyama kadhaa hudhani kwamba kupokea fedha ndiyo mwisho, kumbe gari lingali kwa jina lao, na siku likisababisha ajali wao ndio wanaotafutwa kwanza. Ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo gari lililolala haliongezewi tena deni la aina hiyo, nafuu ambayo pia imewafanya baadhi ya watu waone kwamba kulilaza hakugharimu kitu. Kunagharimu zile shilingi 5,000,000 za mnunuzi wa Makambako, ambazo baada ya masika mawili zitakuwa 2,000,000.

Maswali ya kujadiliwa vikundini

1. Gari la chama chenu lilifanya safari ngapi mwaka uliopita? Jibu litoke katika daftari la safari. Kama daftari halipo, kikundi kieleze hesabu ya hapo juu ingeweza kufanywaje bila hilo.

2. Fundi wa kwanza anasema shilingi 7,400,000, wa pili anasema 4,000,000 na kwamba fremu haina haja ya kuguswa. Halmashauri ifanye nini kabla ya kumchagua mmoja?

3. Chama cha mfano kinasafiri mara 60 kwa mwaka. Kikundi kipige hesabu ya njia zote tatu, kisha kieleze kama mzigo mwingi ukiwa dagaa jibu litabadilika.

4. Mafuta ya breki ya gari la chama chenu yalibadilishwa lini?